Kinachorudi Hakirudi Kilivyokuwa: Mwongozo wa Kusoma Shairi la Majira ya Baridi

Jumapili kanisani, kwaya huimba kiitikio kilekile mara tatu au nne. Maneno hayabadiliki hata herufi moja. Hata hivyo wewe uliyekaa kwenye benchi unajua kwamba kiitikio kilichofuata ubeti wa kilio hakikukugusa sawa na kile kilichofuata ubeti wa shukrani. Ubeti uliotangulia ulikupeleka mahali pengine, na kiitikio kikakukuta huko.

Ukilijua hilo, tayari una ufunguo wa kusoma shairi lolote ambalo neno au picha fulani hurudi ndani yake. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuutumia kwenye mashairi ambayo wanafunzi wetu wa Mavivi, Oicha, Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, huyaogopa zaidi: yale ya majira ya baridi, yenye theluji, barafu na miti isiyo na majani. Unahitaji daftari, biki na saa moja ya utulivu. Intaneti si lazima.

## Kwa nini tuhangaike na vitu vinavyojirudia?

Mwanafunzi wa kwetu hukutana na theluji darasani, mara nyingi kwa Kifaransa, na wengi huamini kwamba hawawezi kulielewa shairi la namna hiyo kwa kuwa hawajawahi kukanyaga theluji. Hofu hiyo ina mizizi miwili, na yote miwili inang'oleka.

Mzizi wa kwanza ni kudhani kwamba maana imefungwa ndani ya kitu chenyewe. Theluji ya shairi ni neno, na neno hupata maana kutokana na maneno linaloishi nayo. Likirudi mara tatu, mshairi amekupa nafasi tatu za kuona linakaa na nani, linatenda nini na limebadilikaje. Shairi lenyewe hukufundisha theluji yake ni nini.

Mzizi wa pili ni kudhani kwamba theluji ni ya wageni tu. Asubuhi isiyo na ukungu, tazama mashariki, ng'ambo ya bonde la Semuliki. Rwenzori imesimama pale, na kilele chake cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, kiko juu ya mpaka wetu na Uganda. Barafu yake imepungua sana tangu wapanda milima wa Italia walipokifikia kilele hicho mwaka 1906, lakini bado ipo. Wayira wa pande zote mbili za mlima, Wanande huku na Wakonzo kule, wana neno lao la theluji, nzururu, na kutokana nalo limetoka jina Rwenzururu. Mababu zetu waliutazama weupe ule na kuupa maana kabla ya kitabu chochote cha shule kufika hapa.

KISANDUKU CHA 1: Maneno ya kazi

- Vina: silabi zinazofanana katikati na mwishoni mwa mishororo.
- Kibwagizo: mshororo unaorudi mwishoni mwa kila ubeti. Kwenye kwaya ni kiitikio.
- Takriri: kurudia neno au sauti kwa makusudi, ili kutia mkazo.
- Taswira: picha inayojengwa na maneno akilini mwa msomaji.
- Motifu: taswira, kitu, tendo au wazo linalorudi mara kadhaa katika shairi, kwa neno lilelile au kwa ndugu zake.

Takriri inaweza kuishia ndani ya mshororo mmoja. Motifu husafiri katika shairi zima, na katika safari hiyo hubadilika.

## Shairi la kufanyia kazi

Nimelitunga shairi hili kwa ajili ya mwongozo huu. Ni tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, na mizani (silabi) 16 kila mshororo. Anayesema ni mtu wa kijijini anayeishi ughaibuni, mahali penye theluji.

NYAYO

Asubuhi nimetoka, weupe barabarani,
Jiko la mama lawaka, mbali kule kijijini,
Nyuma nilipogeuka, sikuona nyayo chini,
Nyayo zangu zimezikwa, theluji yazifunika.

Jioni simu yalia, mama amevikwa sanda,
Jiko lake lafifia, na weupe umetanda,
Kaburi nitafikia, vipi huku nimeganda?
Nyayo zangu zimezikwa, theluji yazifunika.

Mwanangu kaniamsha, weupe ni karatasi,
Jiko kwetu nimewasha, joto lapanda upesi,
Nyayo mpya aanzisha, ndogo, nyepesi, nyeusi,
Nyayo zangu zimezikwa, theluji yazifunika.

## Hatua saba

Hatua ya 1. Lisome kwa sauti mara mbili, biki ikiwa mezani.
Mara ya kwanza sikiliza tu. Mara ya pili angalia ni wapi sauti yako inataka kupunguza mwendo. Sikio hukamata marudio kabla ya jicho, kwa sababu ushairi wetu uliimbwa kabla ya kuandikwa. Ukianza kupiga mistari mapema, utaona maneno mojamoja na kuukosa mwendo wa shairi.

Hatua ya 2. Sasa tia alama kila kinachorudi, pamoja na ukoo wake.
Usitafute neno moja tu. Tafuta familia. Katika shairi letu:

- Ukoo wa weupe: *weupe* mara tatu, *sanda*, *karatasi*.
- Ukoo wa moto: *jiko* mara tatu, *lawaka*, *lafifia*, *nimewasha*, *joto*.
- Ukoo wa njia: *nyayo* mara tano, *nimetoka*, *barabarani*, *nitafikia*.
- Ukoo wa kufunikwa: *zimezikwa*, *yazifunika*, *sanda*, *umetanda*, *kaburi*.

Angalia pia kisichotajwa. Neno *baridi* halimo kabisa katika shairi hili la baridi. Ubaridi umebebwa na jiko lililo mbali, kisha na neno *nimeganda*.

Hatua ya 3. Chagua motifu mbili au tatu tu.
Chagua zile zinazotokea mwanzoni, katikati na mwishoni, na ambazo jirani zake hubadilika. Hapa ninachagua weupe, jiko na nyayo. Ukitaka kueleza kila kinachorudi, utajaza kurasa bila kusema lolote.

Hatua ya 4. Uliza maswali matatu kila motifu inapotokea.

1. Ni ya nani, au iko mikononi mwa nani?
2. Jirani zake ni maneno gani?
3. Inatenda, inatendwa, au imekaa tu?

Andika majibu kwa kifupi:

*Jiko.* Ubeti wa 1: ni la mama, linawaka, liko mbali. Ubeti wa 2: bado ni lake, linafifia, liko karibu na sanda. Ubeti wa 3: ni *kwetu*, nimeliwasha mimi, liko karibu na mtoto.

*Weupe.* Ubeti wa 1: uko barabarani, umekaa tu. Ubeti wa 2: umetanda, umefuata sanda. Ubeti wa 3: ni karatasi, unangoja kuandikwa.

*Nyayo.* Ubeti wa 1: ni zangu, hazionekani. Ubeti wa 2: ni zangu, na sasa hakuna njia ya kulifikia kaburi. Ubeti wa 3: kuna mpya, ni za mtoto, nyeusi juu ya weupe.

Hatua ya 5. Linganisha tokeo la kwanza na la mwisho.
Tumia sentensi hii kama kibao cha kuanzia: *"Mwanzoni ... ilikuwa ...; mwishoni imekuwa ...; kilichoibadilisha ni ..."*

Mfano: Mwanzoni jiko lilikuwa la mama na lilikuwa mbali, mwishoni limekuwa la msemaji mwenyewe, kilichobadilisha ni kifo cha mama na kuamshwa na mtoto. Shairi halikutamka kwamba ulezi umehamia kwa msemaji. Limelisogeza jiko, nawe umeelewa.

Hatua ya 6. Tafuta mahali motifu zinapokutana.
Hapo ndipo maana hukaza fundo. Katika ubeti wa pili, jiko na weupe vimewekwa kwenye mshororo mmoja: moto unapungua na weupe unaenea. Katika ubeti wa tatu, weupe na nyayo vinakutana: nyayo nyeusi juu ya karatasi nyeupe zinafanana na maandishi. Mtoto anaanza kuandika pale ambapo mzazi alidhani kila kitu kimefutwa.

Sikiliza vina pia. Utao (kipande cha pili cha mshororo) wa ubeti wa pili una *sanda, umetanda, nimeganda*. Sauti moja imemfunga maiti, theluji na mtu aliye hai katika fundo moja. Ukwapi (kipande cha kwanza) wa ubeti wa tatu una *kaniamsha, nimewasha, aanzisha*, vitenzi vya kusababisha. Mtu aliyekuwa ameganda sasa anaamshwa, naye anawasha.

Hatua ya 7. Andika maana kwa sentensi mbili au tatu, kila moja na ushahidi wake.
Mfano: *Shairi linaonyesha kwamba mtu wa mbali anaweza kuzikosa nyayo zake za nyuma bila kukosa njia ya mbele. Ushahidi ni jiko linalohama kutoka kwa mama hadi "kwetu", na nyayo mpya za mtoto zinazotokea kabla tu ya kibwagizo kinachosema kwamba za mzazi zimezikwa.*

KISANDUKU CHA 2: Kibwagizo kisichobadilika

Kibwagizo cha shairi hili hakikuguswa hata silabi moja. Kisome tena mara tatu, kila mara baada ya ubeti wake.

- Baada ya ubeti wa 1, *zimezikwa* ni tamathali tu: theluji imefuta alama za viatu.
- Baada ya ubeti wa 2, mama amevikwa sanda na kaburi limetajwa. Neno *zimezikwa* linarudi kwenye maana yake ya mazishi.
- Baada ya ubeti wa 3, *yazifunika* inaweza kusikika kama mzazi anayemfunika mtoto blanketi. Za kwangu zimepumzika, zake zinaanza.

Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba kibwagizo "kinasisitiza ujumbe" ukaishia hapo. Sema kinasisitiza nini baada ya kila ubeti.

## Mifano mitatu ya washairi wakubwa

Ukishazoea hatua hizi, utaziona zikifanya kazi mahali pengine.

Émile Verhaeren. Mshairi huyu wa Ubelgiji, aliyezaliwa 1855 na kufa 1916, alichapisha mwaka 1895 kitabu *Les Villages illusoires* chenye shairi linaloitwa "La Neige". Mstari wa kuanguka kwa theluji bila kukoma hurudi, na sifa zilezile hujipanga tena na tena hadi msomaji achoke kama kijiji kile kinavyochoka. Theluji inafananishwa na sufu. Kwa kawaida sufu humpa mtu joto. Uliza kwa nini hapa haimpi. Swali hilo moja litakufungulia mlango.

Robert Frost. Mwaka 1923 Mmarekani huyu alichapisha "Stopping by Woods on a Snowy Evening", shairi la msafiri anayesimama jioni kutazama msitu ukijaa theluji. Mstari wake wa mwisho hutokea mara mbili, neno kwa neno. Mara ya kwanza tunasikia safari ya usiku ule. Mara ya pili wengi husikia safari ya maisha yote. Kilichoongezeka kati ya mara mbili hizo ni kurudia tu.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Utenzi wake wa *Al-Inkishafi*, wa kisiwa cha Pate, hauna theluji hata tone, lakini unafundisha kazi hii vizuri. Mwanga wa taa hutokea kama mfano wa uhai ulio hatarini mbele ya upepo, kisha taa zinarudi katika majumba ya matajiri, na majumba hayo yanaishia magofu. Anayekumbuka taa ya kwanza anazitazama zile za majumbani akijua kwamba upepo unakuja.

## Makosa ya kawaida

1. Kutumia kamusi ya alama. "Theluji ni kifo, moto ni uhai." Katika ubeti wetu wa tatu, weupe ni karatasi ya mtoto. Jibu la kamusi lingekosea hapo.

2. Kuchanganya kipupwe na majira ya baridi ya Ulaya. Watafsiri wengine hutumia *kipupwe*. Pwani, kipupwe ni miezi ya ubaridi mwanana, Juni hadi Agosti, bila barafu wala miti kupukutika. Kwetu karibu na ikweta, mwaka umegawanywa na mvua zaidi kuliko baridi. Ukikutana na neno hilo katika tafsiri, angalia kwanza ni baridi ya namna gani.

3. Kusahau motifu inayotoweka. *Mama* yumo katika ubeti wa 1 na wa 2, lakini katika ubeti wa 3 hatajwi. Jiko tu ndilo limebaki. Kutoweka huko nako kunasema.

4. Kutaja bila kufasiri. "Neno nyayo limetumika mara tano." Hesabu ni mwanzo wa kazi. Endelea na maswali ya Hatua ya 4.

5. Kueleza kila kitu kwa maisha ya mshairi. Historia yake inaweza kusaidia, lakini ushahidi wako wa kwanza ni maneno yaliyo mbele yako.

TAHADHARI: Yale tunayokuja nayo

Sisi wa huku hatusomi neno *sanda* tukiwa mikono mitupu. Viunga vya Beni vimezika watu wengi tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014. Ebola ilipotangazwa katika eneo letu tarehe 1 Agosti 2018, tuliona wapendwa wakizikwa na timu zilizovaa mavazi meupe, nasi tumesimama mbali. Weupe kwetu una kumbukumbu yake.

Usiifukuze kumbukumbu hiyo, maana ndiyo inayokufanya usome kwa moyo. Lakini katika daftari piga mstari wa wima. Kushoto andika kile ambacho maneno ya shairi yanaonyesha. Kulia andika kile ambacho shairi limekukumbusha. Mwishoni tazama ni wapi pande mbili zinagusana. Mwalimu anayesoma shairi kama hili darasani afahamu kwamba huenda mbele yake ameketi mtoto aliyefiwa. Ampe nafasi ya kukaa kimya, na asimlazimishe kusimulia.

## Zoezi: tunga lako kwa baridi ya kwetu

Njia bora ya kuelewa motifu ni kuibeba mwenyewe.

1. Chagua baridi unayoijua: ukungu wa asubuhi Butembo, mvua ya usiku juu ya mabati, au upepo unaokukuta kwenye pikipiki kabla jua halijachomoza.
2. Chagua kitu kimoja cha mkononi: mbabula ya makaa, triko la marehemu, kikombe cha chai, gunia la kakao.
3. Kitaje mara tatu, katika beti tatu. Kila mara kibadilishie mwenyewe, jirani au tendo.
4. Usiandike neno *baridi*. Acha kitu chako kiibebe.
5. Tunga kibwagizo cha mizani 16, na usikibadilishe. Beti ndizo zikibadilishe.
6. Msomee mtu mmoja wa nyumbani. Muulize: "Hicho kitu mwanzoni kilikuwa nini, na mwishoni kimekuwa nini?" Akijibu kwa maneno tofauti, motifu yako imefanya kazi. Akijibu kwa maneno yaleyale, rudi kwenye ubeti wa pili. Mara nyingi safari hukwama pale.

## Orodha ya kukagua kabla ya kukabidhi kazi

☐ Nimelisoma shairi kwa sauti mara mbili.
☐ Nimekusanya maneno kwa koo, si neno mojamoja tu.
☐ Nimechagua motifu mbili au tatu na kuziacha nyingine.
☐ Kwa kila tokeo nimejibu: ya nani, jirani zake nani, inatenda nini.
☐ Nimelinganisha tokeo la kwanza na la mwisho.
☐ Nimetafuta mahali motifu zinapokutana.
☐ Nimesikiliza vina na kueleza kibwagizo baada ya kila ubeti.
☐ Nimeangalia kilichotoweka na kisichotajwa.
☐ Kila sentensi ya maana ina ushahidi kutoka kwenye shairi.
☐ Nimetenganisha yaliyoandikwa na yaliyonijia moyoni.

Jumapili ijayo, kwaya itakapoanza kiitikio kwa mara ya pili, jiulize ubeti uliokwisha umekupeleka wapi. Fanya hivyo wiki chache, kisha fungua shairi la theluji. Utaona kwamba kazi uliyoiogopa ulikuwa unaifanya siku zote, ukiwa umesimama na kitabu cha nyimbo mkononi.